Splita si urembo wa gari: kijana, usiifunge kwenye plastiki

MAONI. Na mwandishi wetu, Lubumbashi

Jumapili moja ya kiangazi hiki, kama saa kumi na moja jioni, nilikuwa nimesimama kando ya barabara ya Kasapa nikingoja teksi-basi ya kurudi mjini. Gari dogo jeupe likaja kwa mbio kutoka upande wa chuo kikuu. Chini ya pua yake palikuwa na ubao mweusi uliotokeza mbele kama ulimi. Tuliusikia kabla ya kuuona vizuri, maana ulikuwa unatetemeka na kupiga kelele kama bati lililolegea wakati wa upepo.

Mbele yetu kuna dodane. Shofere alikanyaga freni akiwa amechelewa. Pua ya gari ikashuka, ubao ukagonga lami, upande mmoja ukang'oka na kuingia chini ya tairi la mbele. Tairi likapasuka, gari likayumba na kuishia mtaroni. Kipande kimoja cha ubao, kirefu kama mkono wa mtu mzima, kiliruka kikampata mama mmoja muuza karanga kwenye muundi wa mguu. Meza ikaanguka, karanga zikamwagika, damu ikatoka.

Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Mama alishonwa nyuzi saba. Kijana mwenye gari alitoka akitetemeka, hana jeraha, akapiga magoti mbele ya yule mama akiomba msamaha. Mama hakumtukana. Alimuuliza tu: "Mwanangu, ile ubao ilikuwa ya kazi gani?"

Kijana akajibu: "Ni splita, mama."

"Splita ni nini?"

Kijana alinyamaza. Alitafuta maneno, hakuyapata. Mwishowe akasema: "Ni ya kufanya gari ikamate barabara."

Nimeandika makala haya kwa sababu ya swali la yule mama. Tangu siku ile nimesikia maneno mengi mitaani. Wengine wanasema polisi wa rulaji wakamate magari yote ya vijana yenye vitu vya ajabu mbele na nyuma. Wengine wanasema tuwaache vijana wafurahi, maisha yenyewe ni magumu. Mimi sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Maoni yangu ni kwamba splita ni chombo cha kweli chenye kazi yake, na ina mahali pake. Asiyejua kazi hiyo asiifunge. Anayeijua ataifunga kwenye chuma, na ataitoa kabla ya kupita mbele ya meza za mama zetu.

Splita ni nini?

Nianze na jibu ambalo kijana hakuweza kumpa mama. Splita ni ubao bapa unaofungwa chini kabisa mwa gari, mbele, ukitokeza kidogo kupita parishoki, yaani bampa. Gari likienda kwa kasi, hewa inagonga uso wa gari na kujikusanya pale mbele. Hewa iliyojikusanya ina mkandamizo mkubwa. Ubao unaigawanya: ya juu inabaki juu ikikandamiza ubao, ya chini inapita kwa haraka katika nafasi nyembamba kati ya ubao na lami. Hewa inayopita haraka mahali pembamba mkandamizo wake unapungua. Basi juu kuna kusukumwa, chini kuna kuvutwa, na jumla yake ni nguvu inayobana pua ya gari chini. Matairi ya mbele yanashika zaidi, na gari linakata kona kwa mwendo mkubwa zaidi bila kuteleza kwenda nje.

Si hadithi za intaneti. Mwaka 1994, katika mashindano ya magari ya kawaida ya Uingereza, Alfa Romeo walileta gari la 155 lenye splita ya kurekebishwa mbele na bawa lililoinuliwa nyuma. Timu nyingine zililalamika vikali. Ugomvi ulifika mahali ambapo Alfa Romeo waliondoa magari yao katika uwanja wa Oulton Park. Mwisho wa msimu dereva wao Gabriele Tarquini alikuwa bingwa. Watu wazima, wahandisi na wanasheria, waligombana kwa sababu ya sentimita chache za ubao wa mbele. Wangegombana vile kama ingekuwa pambo tu?

Kwa hiyo sitawacheka vijana wetu. Walichokiona kwenye video ni kitu cha kweli. Shida ni kile ambacho video haikuwaonyesha.

Hesabu ya hewa

Kitu cha kwanza ambacho hawakuonyeshwa ni hesabu. Nguvu ya hewa haipandi sawasawa na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Ukizidisha mara tatu, inakuwa mara tisa.

Tuchukue hewa ya hapa kwetu. Lubumbashi iko juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Katika joto la kawaida la mchana, msukumo wa hewa hiyo kwa gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa ni karibu kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Kwa kilomita 100 kwa saa ni karibu kilo 40. Kwa kilomita 150 ni karibu kilo 90.

Splita ya gari dogo, tuseme yenye upana wa mita 1.6 na kina cha nusu mita kutoka ncha ya mbele hadi chini ya injini, ina eneo la mita 0.8 za mraba. Nguvu halisi inategemea umbo la gari, urefu kutoka chini na mambo mengine, kwa hiyo usichukue hesabu yangu kama kipimo cha gari lako. Lakini inaonyesha mambo mawili.

La kwanza: ndani ya mji, ambako kati ya dodane na mashimo mtu anakwenda kilomita 40 au 50, splita haikusaidii chochote. Gari la tani moja halitambui kilo chache za hewa. Kijana anayesema splita yake inamsaidia kwenye kona ya mtaani anajidanganya.

La pili: ukitoka nje ya mji, kwenye barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, ukafika kilomita 120 au zaidi, kitu kilekile kinakuwa kama mtu amekaa juu ya parishoki yako. Na mtu huyo hakai kimya. Anarukaruka kila gari linapopita juu ya kiraka, na kila lori la madini linapokupita na kukupiga na upepo wake. Je, plastiki yako inaweza kumbeba mtu?

Ubao ule ulitueleza nini

Nilichukua vipande vya ubao ule, kwa ruhusa ya kijana, nikavipeleka kwa fundi mmoja ninayemfahamu katika komine ya Kenya. Muzee huyo amefanya kazi ya magari zaidi ya miaka thelathini. Aliviweka chini, akavigeuzageuza, akaanza kusoma kama daktari anavyosoma picha ya mfupa.

Kwanza, ulikuwa tripleksi ya milimita 6, ile ya dari za nyumba. Kwa urefu ule, alisema, inajikunja kwa mkono mmoja. Akanionyesha, ikajikunja.

Pili, ulikuwa umeshikwa na visi kumi na mbili za mbao zilizoingia kwenye plastiki ya parishoki tu. Hakuna hata moja iliyofika kwenye chuma. Matundu ya visi yalikuwa yamepanuka na kuwa ya mviringo mrefu, alama kwamba ubao ulikuwa unacheza kwa siku nyingi kabla ya kung'oka.

Tatu, kingo zake hazikupakwa chochote. Maji ya kuosha gari yaliingia, tabaka zikaanza kuachana kama kurasa za kitabu kilicholowa.

Nne, alama za kukwaruzika zilikuwa nyuma zaidi kuliko mbele. Maana yake ubao ulifungwa ncha ikiwa imeinuka kidogo. Hapo muzee alitikisa kichwa. Ncha ikitazama juu, hewa inaingia chini na kuusukuma ubao juu. Yaani kijana alitaka kubana pua ya gari, akatengeneza kitu cha kuinyanyua.

Tano, na hili ndilo lililomkata mama, ncha ya mbele ilikuwa imevishwa ukanda wa bati uliokatwa na mkasi, haukukunjwa wala kulainishwa. Kilikuwa kisu, kwa urefu wa muundi wa mtu.

Nilipomrudia kijana na habari hizo alisema: "Yaya, mu video bakaweka na visi tu." Nikamuuliza kama aliangalia video mpaka mwisho. Akacheka kwa aibu.

Namna inavyotengenezwa kwa kweli

Nitaeleza kwa ufupi kazi yenyewe inavyokwenda, ili hata mzazi au jirani asiyejua magari aweze kutazama na kuuliza maswali.

Mtu anaanza na katoni. Anainua gari, analiweka juu ya vyuma vya kusimamia, si juu ya jeki peke yake, kisha anashikilia katoni chini ya parishoki na kuchora umbo lake kwa kalamu. Anaongeza sentimita 5 hadi 8 za kutokeza mbele. Anageuza usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, na kufikiria tairi likipanda juu kwa mshtuko, ili ubao usije ukagusana na tairi. Anaacha njia ya kumwaga oili na ya kufikia ndoano ya kuvutia gari. Katoni ikikubali, ndipo anakata ubao.

Ubao wenyewe uwe tripleksi nzito ya milimita 12, ile ya tabaka nyingi zilizounganishwa kwa gundi isiyoogopa maji. Kwa eneo la mita 0.8 itakuwa na uzito wa kilo 5 hadi 7. Wengine hutumia alumini. Wengine hutumia zile karatasi za alumini zenye plastiki katikati ambazo mafundi wa mabango wanazo. Hizo ni nyepesi lakini zinapinda, zinahitaji kushikwa mahali pengi zaidi. Mimi ningechagua mbao kwa sababu moja: mbao ikigonga chini inaliwa kidogo kidogo na kukuonya, na kipande kikiharibika unakata kingine jioni ileile. Kingo zote zizungushwe kwa tupa na msasa, kisha ubao wote upakwe vanishi au resini mara mbili au tatu, hasa kwenye kingo na ndani ya matundu ya bulo.

Sasa tunafika kwenye moyo wa kazi, na hapa ndipo vijana wengi wanakosea. Splita haifungwi kwenye parishoki. Parishoki ya plastiki ni ngozi ya gari tu, imeshikwa na vidude vidogo ambavyo mtoto anaweza kuving'oa. Nyuma yake kuna chuma cha kupokea ajali, na nyuma ya hicho kuna miguu ya shasi. Hapo ndipo mzigo unatakiwa kwenda. Fundi anatengeneza vishikio vya chuma, angalau viwili kila upande, kutoka kwenye shasi au kwenye kile chuma hadi juu ya ubao. Sehemu ya nyuma ya ubao nayo inashikwa kwenye fremu iliyo chini ya injini. Bulo ziwe za milimita 8, kichwa kikizama ndani ya ubao ili kisikwaruze lami, na juu yake rondeli pana pamoja na ekru za kujifunga zenyewe, zisizolegea kwa mtikisiko.

Mbele, karibu na ncha, kunawekwa vyuma viwili au vinne vyembamba vya kuvuta. Watu wengi wanadhani ni vya urembo. Kazi yake ni kubwa: hewa inasukuma ncha chini, na vile vyuma vinaizuia isipinde kwa kuivuta juu. Lakini navyo lazima vishike chuma upande wa juu. Nimeona gari ambalo vyuma hivyo vimefungwa vizuri kabisa, vinang'aa, halafu upande wa juu vinaishia kwenye plastiki. Huko ni kufunga mbuzi kwenye jani la mgomba.

Ubao ulale sawa na ardhi, au ncha ya mbele iwe chini kidogo kuliko nyuma, kamwe isiinuke. Nafasi kati ya parishoki na ubao izibwe kwa mpira, vinginevyo hewa ya juu inapenya kwenda chini na kazi yote inapotea. Tundu la kupeleka hewa kwenye radiateri lisizibwe. Anayeujua mwezi wa kumi wa Lubumbashi anajua kwa nini nasema hivyo.

Mwisho, kipimo. Mafundi wa magari ya mbio wana kipimo kimoja rahisi: panda juu yake. Kama splita haiwezi kumbeba mtu mzima aliyesimama karibu na ncha bila kupinda vibaya, haijawa tayari. Muzee wa komine ya Kenya aliniambia kwamba ukimwomba kijana apande juu ya splita yake, nusu yao wanakataa. Kukataa kwao ni jibu tosha.

Splita peke yake ni hatari

Kuna jambo lingine ambalo hata waliofunga vizuri wanalisahau. Ukiongeza mshiko mbele bila kuongeza nyuma, umebadilisha mizani ya gari. Katika kona ya mwendo wa polepole hutaona tofauti. Katika kona ya kilomita 130, mbele itashika na nyuma itakuacha. Gari litageuka lenyewe kama mtu aliyevutwa shati. Kwenye uwanja wa mbio kuna nafasi ya kuzunguka na kusimama. Kwenye barabara ya Kasumbalesa kuna lori linalokuja mbele.

Ndiyo maana wenye magari ya mbio hawaanzi na splita. Wanaanza na matairi mazuri, freni, mafuta ya freni mapya, boliti za magurudumu, mkanda wa usalama. Yule kijana wa Kasapa aliniambia alitumia dola 60 kwa ubao, rangi na bati. Nilitazama matairi yake, lile lililopasuka na yale matatu yaliyobaki. Mawili yalikuwa yamekwisha meno. Dola 60 hazinunui matairi manne mapya, najua, lakini zingekuwa mwanzo. Kijana anayetaka gari likamate barabara aanze na kitu pekee kinachogusa barabara.

Mafundi wetu, tusijifiche

Sasa niseme na mafundi, na najua wengine watanikasirikia. Si kila splita imefungwa na kijana mwenyewe nyumbani. Nyingine zinafungwa katika magaraji yetu, na wanaume wenye watoto, wanaojua kabisa kwamba plastiki haibebi mzigo. Nilimuuliza mmoja kwa nini anakubali. Alijibu: "Nikikataa, ataenda kwa mwingine. Na mimi niko na watoto ya kulisha."

Naelewa. Sitamhukumu mtu kwa kutafuta unga. Lakini mji huu ni mji wa mafundi. Mikono inayogeuza bati chakavu kuwa mbabula inayodumu miaka haishindwi kutengeneza vishikio vinne vya chuma. Tofauti ya kazi mbaya na nzuri hapa ni chuma kidogo, saa chache za kulehemu na bulo chache. Mwambie mteja bei ya kazi yenye chuma. Akisema hana, mwambie arudi akiwa nazo. Kama angekuja na freni mbovu akakuomba umpake rangi tu, ungemwambia ukweli. Splita ni kesi ileile.

Tena fundi anaweza kufanya kitu kimoja cha ziada kinachomaliza nusu ya ugomvi wetu: kufunga splita iwe ya kutolewa. Vishikio vinabaki chini ya gari, ubao unatoka kwa bulo sita au nane. Robo saa ya kazi. Kijana anaibeba ndani ya gari hadi mahali pa kukimbilia, anaifunga, anakimbia, anaitoa, anarudi nyumbani na gari la kawaida. Wanaokimbia kwenye viwanja vya kweli na kurudi nyumbani na gari lilelile, wengi wanafanya hivyo. Barabara ya wote si mahali pa ubao unaotokeza kwa urefu wa muundi, hata kama umefungwa vizuri namna gani. Mtu akigongwa na parishoki laini anaweza kuvunjika. Akigongwa na ncha ya ubao atakatwa.

"Mahali pa kukimbilia ni wapi?"

Hapa kijana ananiuliza swali zuri, na wakubwa wenzangu hatuna jibu. Alisema: "Yaya, munasema tusikimbie ku barabara. Sawa. Tukimbie wapi?"

Jirani zetu wa kusini wana uwanja kama Kyalami karibu na Johannesburg, ambako hata mbio za Formula 1 zimewahi kufanyika. Sisemi tujenge kitu kama hicho. Shule zetu zina watoto wanaokaa watatu kwenye dawati moja, na msomaji atakayesema kwamba nchi yenye shida kama zetu haina sababu ya kuzungumzia mbio za magari, ninamsikia. Ila nimkumbushe kwamba mbio zipo tayari. Zipo usiku, kwenye barabara zetu pana, bila taa, bila gari la wagonjwa. Swali ni wapi zifanyike, na nani awepo.

Ninachoomba ni kidogo. Eneo moja lenye lami au udongo uliokandamizwa, mali ya kampuni au ya serkali, linalofungwa Jumapili moja kwa mwezi. Koni za kuonyesha njia, kona za polepole, gari moja likikimbia kwa wakati mmoja likishindana na saa. Fundi mmoja mzee langoni mwenye mamlaka ya kusema hapana: anatazama freni, matairi, mkanda, na kama kuna splita anapanda juu yake. Muuguzi mmoja na mtu wa kuzima moto. Kila kijana alipe franka kidogo. Wazazi waje, na mama wauze karanga zao nyuma ya kizuizi, mbali na njia.

Mahali kama hapo, vijana watajifunza pia kitu ambacho hakuna makala inayoweza kuwafundisha: wataweka splita, watapima saa, wataitoa, watapima tena. Wengi watagundua kwamba kwenye kona za polepole haikuwapa hata sekunde moja. Watakaogundua hivyo hawataifunga tena ili wapendeze mtaani. Na wawili au watatu kati yao watauliza kwa nini, na huenda kesho wakawa wahandisi.

Kwa sasa, ndugu wasomaji, wakati tunangoja wenye mamlaka na wenye viwanja, kila mmoja anaweza kufanya sehemu yake. Mzazi, mtoto wako akirudi na ubao mbele ya gari, usianze na matusi. Inama, tazama kama bulo zinafika kwenye chuma, kisha mwambie apande juu yake. Fundi, usifunge kitu kwenye plastiki. Kijana, kama huwezi kueleza kwa maneno matatu kile ubao wako unafanya, utoe leo.

Yule mama amerudi kwenye meza yake barabarani Kasapa. Anatembea kwa kuchechemea kidogo bado. Kijana alimlipia hospitali na karanga, na wiki iliyopita alimletea meza mpya aliyoitengeneza mwenyewe. Niliitazama chini. Ametumia tripleksi ya milimita 12, na miguu ameifunga kwa bulo na rondeli.